Liache Sikio Lipite Kichwa

Mwaka 1982 kampuni ya General Motors (GM) ilikifunga kiwanda chake cha magari cha Fremont, katika jimbo la California nchini Marekani. Kilikuwa kimeshindikana. Siku ya kawaida mfanyakazi mmoja kati ya watano hakutokea kazini, malalamiko ya chama cha wafanyakazi yalikuwa yamerundikana kwa maelfu, na magari yalitoka mlangoni yakiwa na kasoro ambazo kila aliyeyagusa alikuwa ameziona. Aliziona akanyamaza, kwa sababu laini ya uzalishaji ilikuwa na amri moja: haisimami. Boliti ikikaa vibaya, gari linasonga. Mlango ukikataa kufunga, gari linasonga. Kasoro ingeshughulikiwa baadaye, uwanjani, na mtu mwingine, kwa gharama nyingine.

Mwaka 1984 kiwanda kilekile kikafunguliwa tena, safari hii kwa ubia wa GM na Toyota, kwa jina la NUMMI. Sehemu kubwa ya walioajiriwa walikuwa walewale walioachishwa kazi kilipofungwa, na chama chao kilikuwa kilekile. Haikupita miaka mitatu, magari ya Fremont yakawa yanakaribia ubora wa yale ambayo Toyota iliyatengeneza nyumbani kwake Japani, na utoro ukawa jambo la nadra.

Maelezo ya mabadiliko hayo ni mengi. Wapo wanaotaja mafunzo, na ni kweli mamia ya wafanyakazi walipelekwa Japani kujionea kazi inavyofanyika. Wapo wanaotaja utamaduni wa Kijapani, maelezo ambayo siku zote hunipa shida, maana watu wa Fremont hawakugeuka Wajapani. Mimi naitazama kamba. Juu ya laini palipita kamba, na mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa wiki iliyopita, alikuwa na haki ya kuivuta anapoona kasoro. Kiongozi wa timu anakuja, anauliza kuna nini, wanasaidiana. Wakishindwa kulimaliza kabla gari halijatoka kwenye kituo chao, laini inasimama.

Kila dakika ya kusimama ni fedha inayopotea mbele ya macho ya watu. Kumpa mtu wa chini haki ya kusimamisha kazi ni kumkatia sehemu ya madaraka ya bosi wake, na jambo hilo si dogo. Maarifa ya namna ya kutengeneza gari zuri yalikuwepo Fremont tangu zamani, yamelala vichwani mwa watu walewale. Kilichokosekana ni ruhusa ya maarifa hayo kugusa uamuzi.

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie tunapozungumzia jinsi taasisi zinavyojifunza wakati soko linapochafuka. Bei zinapopanda ghafla, sarafu inapoyumba, mshindani asiyejulikana anapochomoza au teknolojia mpya inapofuta bidhaa ya jana, viongozi wengi huagiza mafunzo. Semina, washauri, kaulimbiu mpya ukutani. Wanauliza watu wao wanajua nini, na wanaongezewa nini. Swali linalouma zaidi ni hili: yule anayejua, anaweza kubadilisha nini? Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Katika malezi ya mtoto methali hiyo ina hekima yake. Katika taasisi iliyo kati ya mawimbi ni hatari kubwa, kwa sababu sikio ndilo linalosikia kwanza, na mara nyingi kichwa hupata habari wakati chombo kimeshaingiza maji.

Tarehe 17 Machi 2000 radi ilipiga njia ya umeme huko New Mexico, na hitilafu iliyofuata ikawasha moto mdogo katika kiwanda cha chipu cha kampuni ya Philips mjini Albuquerque. Moto ulizimwa kwa muda wa dakika 10 hivi. Ungekuwa moto wa jikoni, habari ingeishia hapo. Lakini vyumba vya kutengenezea chipu huhitaji usafi kuliko hata chumba cha upasuaji. Chembe ya masizi isiyoonekana kwa macho inatosha kuharibu kazi. Moshi na maji ya kuzimia moto viliharibu zaidi ya miali yenyewe. Wateja wakubwa wawili wa kiwanda hicho walikuwa Nokia ya Ufini na Ericsson ya Uswidi, washindani wa karibu katika biashara ya simu za mkononi. Wote wawili waliambiwa jambo moja: mzigo utachelewa kwa wiki moja hivi.

Nokia waliipokea taarifa hiyo na kuipandisha ngazi papo hapo, ingawa iliyosemwa ilikuwa wiki moja tu. Sehemu zilizohusika ziliwekwa kwenye orodha ya kufuatiliwa kila siku. Ilipodhihirika kwamba tatizo lingechukua wiki nyingi, wakuu wa kampuni walikuwa tayari mezani: wengine wakisaka wasambazaji mbadala, wengine wakibadilisha usanifu wa chipu ili ziweze kutengenezwa kwingine, wengine wakiibana Philips iwape nafasi katika viwanda vyake vingine. Upande wa Ericsson taarifa ileile ilizungumzwa kati ya fundi na fundi, ikakaa huko. Wakubwa wa kitengo cha simu walikuja kuielewa hali baada ya wiki kadhaa, na kufikia hapo nafasi iliyobaki sokoni ilikuwa imeshachukuliwa. Ericsson ilikadiria kupoteza mauzo ya takriban dola milioni 400. Mwaka uliofuata iliunganisha biashara yake ya simu na Sony.

Kisa hiki hufundishwa sana katika shule za biashara, na somo linalotolewa kwa kawaida ni kwamba usitegemee msambazaji mmoja. Sawa. Ila mimi naona somo hilo linakwepa kiini. Ericsson nao walikuwa na mtu aliyepokea simu. Taarifa ilifika. Tofauti ilikuwa ni meza ngapi habari mbaya inalazimika kupita kabla ya kumfikia mwenye uwezo wa kutoa fedha na amri, na anayeibeba anatarajia kupokelewa vipi.

Na kuna sehemu ya pili ambayo husahaulika. Kampuni ileile ya Nokia, iliyokimbiza habari mbaya ngazi hadi ngazi mwaka 2000, ilikuwa imebadilika kabisa kufikia wakati simujanja zinaingia. Watafiti Timo Vuori na Quy Huy waliwahoji mameneja na wahandisi kadhaa waliokuwa ndani wakati huo, wakachapisha matokeo yao mwaka 2016. Walichokikuta ni hofu ya pande mbili. Mameneja wa kati waliwaogopa wakubwa waliokuwa wakali na wenye kufoka. Wakubwa nao waliogopa soko, wawekezaji na washindani. Waliojua udhaifu wa programu endeshi ya Symbian waliogopa kuusema wote, na waliohitaji kuusikia waliendelea kudai matokeo ya haraka. Mwaka 2013 Nokia ilikubali kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu. Uwezo wa kujifunza haurithiwi kama rangi ya macho. Taasisi inaweza kuwa nao muongo huu na kuupoteza muongo ujao, huku jina na nembo vikiwa vilevile.

Hofu hii naijua kwa karibu. Nimekaa katika vikao vya tathmini ambapo mradi ulikuwa umeanguka, na mezani alikuwepo kijana aliyeuona ukianguka miezi minne kabla. Kila mtu alijua kwamba anajua. Alitazama daftari lake mpaka kikao kikaisha, na muhtasari ukaandikwa kwamba changamoto zilitokana na hali ya soko. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Alikuwa amepiga hesabu yake sahihi: akisema, atabeba lawama ya kosa na lawama ya kuwaumbua wakubwa, akinyamaza, hasara ni ya kampuni. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Taasisi ikishawapangia watu wake hesabu ya namna hiyo, hakuna semina itakayowafumbua midomo.

Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alikutana na jambo hili kwa njia ya kushangaza. Miaka ya 1990 alikuwa akichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini, akitarajia kwamba timu zinazofanya kazi pamoja vizuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Alipofuatilia akaona kuwa huenda hawakukosea kuliko wengine; walikuwa wepesi zaidi wa kusema. Kwenye wodi zenye wauguzi wakuu wakali, makosa yalifunikwa. Fikiria maana yake kwa mtendaji anayefungua ripoti ya robo mwaka na kufurahia idara isiyo na tatizo hata moja. Kuna uwezekano mkubwa kwamba anaitazama idara inayomficha.

Sisi tuna msemo wa kufunika kombe mwanaharamu apite. Una matumizi yake katika ndoa, ujirani na siasa za ukoo. Ila mwanaharamu wa biashara hapiti. Anakaa, anaota mizizi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwenye usafiri wa anga, na una majonzi. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA, safari namba 514, ilijigonga kwenye mlima huko Virginia ikielekea kutua uwanja wa Dulles, karibu na Washington. Watu wote 92 waliokuwemo walikufa. Marubani walikuwa wameruhusiwa kukaribia uwanja na wakaelewa kwamba ruhusa hiyo inawapa nafasi ya kushuka, kumbe kati yao na uwanja kulikuwa na mlima. Uchunguzi ulifichua jambo la kutisha: wiki sita kabla, marubani wa shirika la United walikuwa wameifasiri ruhusa kama hiyo kwa namna ileile, kwenye njia ileile, wakanusurika. Waliripoti ndani ya shirika lao, na marubani wenzao wa United wakaonywa. Onyo halikuvuka mpaka wa shirika.

Mamlaka ya anga ya Marekani ilijaribu kurekebisha kwa kuanzisha mfumo wa marubani kuripoti makosa yao. Mfumo huo haukuaminika, na sababu yake iko wazi: aliyepokea ripoti ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kukunyang'anya leseni. Nani anampelekea hakimu ushahidi dhidi yake mwenyewe? Mwaka 1976 kazi ya kupokea ripoti ikahamishiwa NASA, shirika la Marekani la anga za juu, taasisi isiyo na uwezo wa kumwadhibu rubani yeyote. Majina yanafutwa, na anayeripoti ndani ya siku 10 hukingwa dhidi ya adhabu kwa kosa ambalo hakulifanya kwa makusudi, ilimradi halikuhusisha jinai wala ajali. Tangu hapo zimepokelewa ripoti zaidi ya milioni 1. Marubani walikuwa walewale, na ujuzi wao ulikuwa uleule. Kilichotenganishwa ni sikio linalosikiliza kosa na mkono unaoliadhibu, na kwa kutenganisha hivyo tu, tasnia nzima ikaanza kujifunza kutoka kwa ajali ambazo hazijatokea. Sijui kampuni ngapi za kawaida zimewahi kufikiria kufanya kitu rahisi kama hicho.

Mpaka hapa nimezungumzia habari mbaya zinazotoka chini. Kuna ukiritimba mwingine ndani ya taasisi, wa idara inayoleta fedha.

Hadithi ya Kodak husimuliwa vibaya. Huambiwa kwamba walilala usingizi kamera za kidijitali zikawapita. Ukweli ni kwamba mhandisi wao Steve Sasson ndiye aliyeunda kamera ya kidijitali mwaka 1975, dude la kilo 3 na ushei lililochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja isiyo na rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ilifanya utafiti wake na kuona kwamba ina takriban miaka 10 kabla mabadiliko hayajawa makubwa. Baadaye ilikuja kuuza kamera za kidijitali kwa wingi sana Marekani. Taarifa walikuwa nayo, teknolojia walikuwa nayo, muda walikuwa nao. Lakini filamu za picha ziliingiza faida nono mno, na ndani ya kampuni yoyote, anayeleta faida nono ndiye anayeamua nani apewe bajeti, nani apandishwe cheo na wazo lipi liitwe la kitoto. Januari 2012 Kodak iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Mshindani wake Fujifilm alikuwa na ugonjwa uleule. Soko la filamu lilifikia kilele karibu mwaka 2000, kisha likaporomoka kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea. Shigetaka Komori, aliyeshika uongozi wakati huo, aliwaagiza watu wake waorodheshe utaalamu wote uliomo ndani ya kampuni na kutafuta mahali pengine unapoweza kufanya kazi. Wakaona kwamba waliotengeneza filamu kwa miongo mingi wanaijua kolajeni, protini inayopatikana pia kwenye ngozi, wanajua kuzuia rangi isichujuke kwa hewa na mwanga, wanajua kupaka tabaka jembamba sana la kemikali. Maarifa hayo yakaenda kwenye vipodozi vya ngozi, dawa, na utando wa kukinga skrini bapa. Hakuna cha kuonea haya kusema kwamba haya yalifanyika kwa maumivu pia: maelfu ya watu wa upande wa filamu walipoteza ajira. Ninachokisisitiza ni kwamba idara ya filamu iliondolewa kwenye kiti cha kuhukumu mustakabali wa wengine.

Intel iliipita hatua hiyo kwa njia ya ajabu zaidi. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilijijengea jina kwa chipu za kumbukumbu, na kufikia miaka ya 1980 washindani wa Japani walikuwa wameibana kwa ubora na bei. Inajulikana sana kwamba mwaka 1985 Andy Grove, rais wa Intel, alimuuliza Gordon Moore, mkuu wake na mmoja wa waanzilishi, kama wangefukuzwa na bodi ikamleta mkuu mpya, mkuu huyo angefanya nini. Moore akajibu kwamba angeachana na chipu za kumbukumbu. Na wakaamua kufanya hivyo wenyewe. Ni kisa kizuri. Lakini Robert Burgelman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, alichimba akakuta kitu kilicho chini yake. Kampuni ilikuwa na kanuni ya siku nyingi kwamba uwezo wa viwanda ugawiwe kwa bidhaa inayoleta faida kubwa zaidi kwa kila kisahani cha silikoni, kile ambacho chipu hukatwa kutoka kwake. Mameneja wa kati waliifuata kanuni hiyo mwezi baada ya mwezi, na bila mtu wa juu kutangaza lolote, viwanda vikawa vinahama kutoka chipu za kumbukumbu kwenda vichakataji, chipu ambazo ni ubongo wa kompyuta. Wakubwa walipokuwa bado wanajiita kampuni ya kumbukumbu, mikono ya kampuni ilikuwa imeshahamia kwingine. Mazungumzo ya mwaka 1985 yaliidhinisha kilichokwishatokea.

Naitazama kanuni hiyo kama kamba ya Fremont katika sura nyingine. Meneja wa kiwanda hakuhitaji kumshawishi mwanzilishi wa kampuni kwamba mtoto wake wa kwanza anakufa. Alihitaji tu kufuata kipimo ambacho hakuna mwenye cheo angeweza kukipinda kwa ajili ya mapenzi yake. Ndiyo maana siamini sana katika kusifu ujasiri wa watu wa chini. Ujasiri ni adimu, na taasisi inayoutegemea itajifunza mara moja moja. Kanuni nzuri humwezesha hata mtu mwoga kusababisha mabadiliko.

Chris Argyris, msomi wa Marekani wa masuala ya taasisi, alilieleza tatizo hili miaka ya 1970 kwa mfano wa kifaa cha kurekebisha joto la chumba. Kikipangiwa nyuzi 20, kitawasha na kuzima hita kwa uaminifu. Hakina uwezo wa kuuliza kwa nini iwe 20. Taasisi nyingi zinazojisifu kwa kujifunza hujifunza kwa namna hiyo: zinarekebisha mwendo, hazigusi lengo. Na Argyris aliongeza jambo ambalo wasomi wengi hawalipendi, kwamba wataalamu waliofaulu maisha yao yote ndio wazito zaidi kujifunza, kwa sababu hawakuwahi kufundishwa na kushindwa. Wakibanwa, hutetea, na hutetea kwa ufasaha.

Najua pingamizi litakalokuja. Katika dhoruba hakuna muda wa kusikiliza kila mtu, chombo kinahitaji nahodha mmoja. Pingamizi hili lina uzito na silipuuzi. Kuna saa ambapo amri moja huokoa. Lakini hebu tuangalie dhoruba moja halisi.

Alfajiri ya tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin mjini Kariya, Japani, kilichoitengenezea Toyota karibu valvu zote za kurekebisha nguvu ya breki za nyuma. Kwa mfumo wake wa kutorundika akiba, Toyota ilikuwa na valvu za kutosha muda mfupi tu. Viwanda vyake karibu vyote vya Japani vikasimama ndani ya siku chache. Valvu hiyo ni ndogo kiasi cha kushikika mkononi, lakini ina matundu yanayohitaji usahihi mkubwa, na mashine maalumu za kuyatoboa zilikuwa zimeungua. Wengi walitabiri wiki nyingi za kufungwa. Badala yake, makampuni yapatayo 200 yalijitosa. Aisin ilisambaza michoro kwa kila aliyeiomba, na kila mmoja akabuni njia yake kwa mashine alizonazo. Hata watengenezaji wa vyerehani, Brother, walitengeneza valvu za breki. Hakukuwa na nahodha aliyeyaelekeza yote, na hakuna aliyetangulia kupatana bei. Baada ya wiki moja hivi uzalishaji wa magari ulikuwa umerudi karibu na kawaida.

Kasi ile haikutengenezwa ndani ya wiki ile. Ilikuwa matunda ya miaka mingi ya makampuni hayo kutembeleana viwandani, kubadilishana wahandisi, kutatua kasoro pamoja. Anayedhani atajenga utii wa haraka siku ya moto amechelewa, maana siku ya moto watu hufanya kile walichozoeshwa kufanya siku za amani. Waliozoeshwa kusubiri amri watasubiri.

Kisa cha Toyota kina mwendelezo unaonifanya nisiwe mwepesi wa kuwapamba. Tetemeko la Japani la Machi 2011 liliwaonyesha kwamba hawakujua wasambazaji wa wasambazaji wao ni akina nani, na ilichukua miezi kadhaa uzalishaji kurudi sawa. Safari hii waligusa kanuni yao takatifu. Walichora ramani ya wasambazaji hadi ngazi za chini kabisa, na kwa chipu waliwataka baadhi ya wasambazaji kuweka akiba ya miezi 2 hadi 6, wao ambao ulimwengu mzima ulijifunza kwao kutoweka akiba. Uhaba wa chipu ulipoanza kuzisimamisha kampuni nyingine za magari mapema mwaka 2021, Toyota iliendelea kuzalisha. Kisha, mwezi Agosti, ikatangaza kupunguza uzalishaji wa Septemba kwa asilimia 40. Akiba hununua muda, haimalizi tatizo. Hata hivyo, miezi ile waliyoinunua ilitokana na somo la miaka 10 nyuma ambalo mtu alilikumbuka na kuendelea kuligharamia, mwaka baada ya mwaka, wakati hakuna tetemeko lolote na kila mhasibu angeweza kuuliza bidhaa hizi zimekaa ghalani za nini.

Swali hilo la mhasibu ndilo linaloua kumbukumbu za taasisi. Hali ikiwa ngumu, kinachokatwa kwanza ni vitu visivyo na mtetezi: muda wa kukaa na kuchambua makosa, mzee wa idara aliyebaki na miaka mitatu astaafu na anayekumbuka msukosuko uliopita, akiba, jaribio dogo ambalo bado halijaleta kitu. Kwenye karatasi ni uokoaji wa gharama. Mimi nauita uuzaji wa macho ili kununua viatu.

James March, msomi mwingine wa Marekani wa masuala ya taasisi, katika kazi yake maarufu ya mwaka 1991, alitenganisha kuchimba ulichokijua na kutafuta usichokijua, akaonya kwamba la kwanza humla la pili kwa sababu malipo yake huja haraka na kwa uhakika. Katika modeli yake kuna tokeo moja ambalo ningependa kila afisa utumishi alisome: pale wageni wanapozoea mambo ya taasisi haraka mno, taasisi yenyewe hujifunza kidogo. Mgeni akiwa bado hajayeyuka, kuna kitu anakiona. Na mazingira yanapobadilikabadilika, modeli hiyo huonyesha faida ya kuwa na wageni kiasi wanaoingia mara kwa mara, wasiwe wengi kiasi cha kufuta yanayojulikana. Sisi tunampokea mwajiriwa mpya kwa wiki mbili za kumfundisha jinsi tunavyofanya hapa, na sijawahi kuona taasisi iliyotenga hata nusu siku ya kumuuliza, mwishoni mwa mwezi wake wa kwanza, ni nini hapa kimemshangaza.

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kwa bodi inayotaka kujua kama shirika lake linajifunza, nisingeomba ripoti ya mafunzo. Ningeomba nionyeshwe uamuzi mmoja wa mwaka huu uliobadilishwa, bajeti ikahama, kwa sababu ya neno la mtu asiye na cheo. Kisha nionyeshwe mtu huyo yuko wapi leo. Majibu mawili hayo hutosha. Na kama uamuzi huo haupo, kazi ya kufanya iko kwenye mipaka ya madaraka: nani anaweza kusimamisha nini, nani anapokea kosa bila kuwa na rungu, kipimo gani kinaamua bajeti bila kumtazama mtu usoni.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika, na GM wenyewe ni ushahidi. Kwa miaka 25 walikuwa na shule ndani ya ubia wa Fremont. Walipeleka mameneja wao, wakaona kila kitu, wakaielewa kamba. Wale mameneja waliporudi kwenye viwanda vyao waliwakuta mabosi walewale wakipimwa kwa idadi ya magari yanayotoka kwa siku. Huko Van Nuys, pia California, walijaribu kuiga mfumo ule. Kuisimamisha laini kulibaki kuwa kosa machoni pa wasimamizi, na kiwanda kilifungwa mwaka 1992. Tarehe 1 Juni 2009 GM iliomba kinga ya kufilisika, na muda si mrefu ikajitoa kwenye ubia. Toyota nayo haikuendelea peke yake. Gari la mwisho lilitoka kwenye laini ya Fremont tarehe 1 Aprili 2010, na lilikuwa Corolla.